Usingizi wa Mashine ya Kanda

Benchi lilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, chini ya dirisha la karakana ya fundi wa kompyuta. Tundu la kitasa lilikuwa bado lipo, na kikombe kilikaa humo vizuri bila kumwagika. Waliokutana hapo kila alasiri walijulikana kwa majina ya benchi, na ni haki kuyaeleza sawasawa. Fundi aliitwa Bado, kwa kuwa hilo ndilo jibu alilompa kila mteja. Breki, dereva wa lori aliyestaafu, aliitwa hivyo kwa kitu ambacho mdomo wake haukuwa nacho. Hakimu hakuwahi kumhukumu mtu. Kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni pa mahakama na kuita majina. Shangazi, muuza kahawa, hakuwa na mpwa hata mmoja duniani. Siku hiyo jua lilikuwa limejinyoosha ukutani kama paka aliyeshiba, vumbi limetulia, na wote wanne walikuwa wakinong'ona kama watu walio nje ya chumba cha mgonjwa.

— Bado? aliuliza Breki.

— Bado.

— Nimekuita jina au nimekuuliza?

— Vyovyote vile, jibu ni hilo hilo.

— Sasa mbona haingurumi? Mimi nimelala na injini, nimeamka na injini. Kitu kinachofanya kazi lazima kipige kelele.

— Inaapdeti, bwana.

— Tuambie kwa lugha ya watu wazima.

Bado aligeuza shingo, akachungulia dirishani. Juu ya meza, kisanduku cha chuma chenye mdomo mmoja mpana kilikuwa kimekaa kimya. Kitaa chake cha kijani kilikonyeza, kikapumzika, kikakonyeza tena.

— Kila mashine ina programu yake ya ndani, alisema. Ndogo tu. Ndiyo inayoiambia: wewe ni mashine ya kusoma kanda, na kanda husomwa hivi. Ya huyu imezeeka. Nikimpa kanda yangu anaitafunatafuna, kisha anaitema, anadai haijui. Basi nimempa programu mpya. Anaifuta ile ya zamani, anaiandika hii.

— Na umeme ukikatika katikati?

— Hapo atakuwa ameshasahau ya zamani na hajajua mpya. Haamki tena. Anakuwa tofali.

— Mbona benchi linahitaji tofali, alisema Breki. Kisha akauona uso wa Bado. Natania, ndugu yangu. Umeme hautakatika.

— Akili ni nywele, alisema Hakimu, kila mtu ana zake.

— Hiyo nayo imeingiaje, mzee?

— Mashine imenyolewa za zamani. Inangoja ziote mpya.

— Haya, kunyweni taratibu, alisema Shangazi, akitikisa chupa ya kahawa sikioni. Humu imebaki kidogo, na ikiisha imeisha. Huyu amenifungia birika.

Birika la umeme lilikaa pale pale kwenye kizingiti cha dirisha. Waya wake na waya wa mashine zilitoka kwenye ekstensheni moja, na matundu ya ekstensheni hiyo yalikuwa yamelegea kiasi kwamba ukichomoa waya mmoja, wa jirani nao hucheza. Ndiyo maana Bado hakuthubutu kulichomoa. Alibandika kipande cha plasta juu ya kitufe, akamwambia Shangazi: hata ndotoni usikibonyeze.

— Lakini hiyo kanda ina nini hasa, aliuliza Breki, hata tunyimwe kahawa kama watoto?

— Ina dada.

Na ilikuwa kweli. Zamani, kabla watu hawajaanza kutembea na saa ndani ya simu, palikuwa na namba ya kupiga ili uambiwe saa. Ukipiga, mwanamke alikuambia, bila haraka: saa tisa, na dakika ishirini. Huyo alikuwa dada yake Bado. Alikuwa amerekodiwa neno moja moja, na kompyuta ikayaunga maneno yake mchana kutwa, hali mwenyewe yuko nyumbani akimenya viazi. Alimsimulia mdogo wake kwamba neno lililomtesa ni “saa” lenyewe. Walitaka alitamke bila furaha wala huzuni, maana neno hilo hilo lingemfaa anayekwenda harusini na anayekwenda mazikoni. Baadaye namba ikafungwa, vyombo vikatupwa, na Bado, aliyekuwa fundi mdogo wa chumba cha vyombo hivyo, akaondoka na kanda moja ya akiba. Kisha dada akaugua koo. Madaktari waliutoa ugonjwa, na sauti ikaondoka nao.

Lakini hilo alikuwa ameshalizoea. Lililomsumbua Bado ni jingine, na hakulisema benchini. Majuzi alijilaza baada ya chakula cha mchana, akaota dada yake anamwita kutoka uani, kama alivyokuwa akimwita utotoni. Na katika ndoto ile dada alimwita kwa sauti ya Shangazi. Aliamka, akakaa ukingoni mwa kitanda akiitafuta sauti ya kweli. Maneno aliyapata yote. Sauti hakuipata. Ilikuwa imetoka kichwani mwake bila kuaga, na mahali pekee ilipobaki palikuwa kanda ile, na mashine pekee ya namna hiyo aliyofanikiwa kuipata, tena kwenye vyuma chakavu, haikuijua. Kwa dada mwenyewe Bado hakusema kitu. Hakutaka kumpelekea sahani kabla chakula hakijaiva.

— Mimi naiona hivi, alisema Breki. Ni kubadilishana dereva huku gari linakwenda. Tulikuwa tukifanya, Mungu atusamehe. Mwenzako anainuka, wewe unaingia. Sasa pana kanukta hapo katikati, usukani hauna mtu. Gari linakwenda lenyewe. Nawaambia, katika kanukta kale gari linakwenda vizuri kuliko siku zote.

— Muongo wewe.

— Linateleza kama liko juu ya maji! Hata mashimo huyasikii. Najiuliza kila siku: kanukta kale lilikuwa linakwenda wapi? Maana si tulikokuwa tukienda sisi.

— Mimi simo kwenye magari, alisema Shangazi. Mimi nasema kila mtu anaapdetiwa. Unalala, unafutwa, asubuhi unaandikwa upya. Nani kakuhakikishia aliyeamka ni yule aliyelala? Mimi nikiamka, kwanza naishika chupa yangu hii. Nikiona mkono umeijua, nasema, haya, leo tena ni mimi.

— Na siku mkono usipoijua?

— Siku hiyo mtakunywa kahawa tamu zaidi, na hamtajua kwa nini.

— Usimwamshe aliyelala, alisema Hakimu. Ukimwamsha, utalala wewe.

Breki alimtazama kwa mshangao.

— Mzee! Leo methali imetua mahali pake!

— Imetua kwa bahati mbaya, nilikuwa naielekeza kwingine. Hebu nisikilizeni. Pale mahakamani mtu anaweza kukaa nje tangu alfajiri, kavaa vizuri, karatasi zake mkononi. Lakini kabla sijaliita jina lake, mahakama haimjui. Hayupo. Na saa nayo ni hivyo hivyo. Zamani ilingoja nje. Dada yake Bado akiita, “saa tisa,” ndipo ikaingia, ikapangusa miguu, ikakaa kwa adabu muda wake wote.

— Na sasa?

— Sasa hakuna mwita. Saa zinajiingilia, tatu tatu, zinasukumana mlangoni. Unaamka asubuhi, ukigeuka ni magharibi. Nyie mnadhani ni nini?

— Mimi nilidhani ni uzee, alisema Breki.

— Ni utaratibu mbovu tu.

Walicheka kwa pua, bila sauti, kwa ajili ya mgonjwa. Bado alichungulia tena. Kitaa kilikonyeza, kikapumzika. Aliona kama mapumziko yanazidi kurefuka, akajiambia ni macho yake.

— Basi subirini, alisema Breki, na mdomo ukaanza kuteremka mlima. Kama saa huja zikiitwa, na mwita yuko ndani ya kanda, basi humo mna saa zilizobaki! Zile alizozirekodi, namba ikafungwa kabla hazijaitwa. Bado akifungua, zinatoka. Tutapata alasiri ya ziada. Nyie mtachukua ipi?

— Wewe ipi?

— Alfajiri moja. Barabara tupu, ukungu umefika magotini mwa miti, na mimi sichelewi popote. Sikuwahi kuwa nayo hiyo. Lazima imebaki humo.

— Mimi nitachukua saa ya mapumziko ya mahakama, alisema Hakimu polepole. Watu wote wametoka, viti vitupu. Mara moja tu, nimwite mtu nisiyekuwa na jina lake karatasini. Mtu yeyote. Nione nani atakuja.

Shangazi alikuwa amefumba macho, jua likiwa usoni mwake.

— Mimi yangu sijui ilikuwa saa ngapi, maana sikuwa nimejua kusoma saa. Kichwa changu kiko mapajani mwa mama, ananisuka. Nywele zinauma, nami sitaki amalize. Nasikia maji yanachemka huko jikoni, yeye anasema, acha yachemke…

Na mkono wake, ambao uliijua kazi yake kuliko mwenyewe, ukainuka, ukapapasa kizingiti, ukakibonyeza kitufe, plasta na yote.

Balbu iliyokuwa juu ya meza ikafifia, ikawa na rangi ya chungwa bivu. Feni ya kinyozi wa jirani ikashusha pumzi. Bado aliruka kusimama. Shangazi alifumbua macho, akaona ulipo mkono wake, akauondoa kama aliyegusa kaa la moto. Kitufe kikaruka.

Balbu ikarudi. Feni ikarudi. Wote wanne walisimama juu ya benchi, wamejazana dirishani kama kuku, wakitazama kitaa.

Kilikuwa kimezimika.

Kisha kikakonyeza.

— Nilikuwa kwa mama, alisema Shangazi, machozi yakimlenga. Nisamehe, Bado. Nilikuwa kwa mama kabisa.

— Najua, alisema Bado. Nilikuona ulikokuwa.

Ni hapo walipogundua kuwa nyuma yao amesimama mtu. Dada yake Bado alikuwa amekuja na bakuli la chakula lililofunikwa sahani, kitambaa chembamba kimezungushwa shingoni. Aliwatazama watu wazima waliopanda juu ya benchi, akainua nyusi.

— Karibu, Dada, alisema Bado, akishuka. Tulikuwa tu…

— Tunaingoja sauti yako! alisema Breki. Imo kwenye mashine, inalala, ikiamka…

Shangazi alimkanyaga mguu, lakini lori lilikuwa limeshafika bondeni.

Dada aliweka bakuli. Aliushika mkono wa mdogo wake, akakifungua kiganja, akaandika kwa kidole, herufi moja moja, kama walivyozoea tangu hospitali: YA NINI.

Bado alikitazama kiganja chake kana kwamba maneno yalikuwa bado yanaonekana.

— Nimeisahau, Dada, alisema. Nakuota unaniita, na sauti si yako. Nimeitafuta kila mahali.

Watatu wengine walitazama barabara, ambayo haikuwa na kitu cha kutazama. Dada akakishika kiganja tena, na safari hii aliandika taratibu zaidi.

HATA MIMI.

Wakakaa. Dada alipewa kikombe cha mwisho, Shangazi akaigeuza chupa juu chini kuonyesha kuwa haina kitu, akaiweka miguuni. Kivuli cha paa kilifika kwenye tundu la kitasa. Hakuna aliyeleta nadharia nyingine. Zote zilionekana kubwa mno kwa benchi dogo.

Kisha kitaa kikaacha kukonyeza, kikawaka moja kwa moja. Ndani ya kisanduku kitu kikagonga mara moja, kama mtu anayeshusha miguu kutoka kitandani.

Bado aliingia karakana. Walimwona akifuta kanda kwa shati lake, akiiweka mdomoni mwa mashine. Mashine ikaimeza. Wakangoja iiteme. Haikuitema. Ilisikika sauti ya kuzungusha, laini, kama mtu anayekunja nguo zilizokauka, na Bado akainama mbele ya kompyuta, akaigeuzia spika dirishani.

Kwanza ulikuja mvumo wa chumba kitupu, cha zamani.

— Saa, ilisema sauti ya msichana.

Bado alishika ukingo wa meza. Ilikuwa hiyo. Ilikuwa ya chini kuliko alivyodhani, na mwishoni ilikuwa na mkwaruzo mdogo, kama kokoto chini ya kiatu. Mkwaruzo huo ndio aliokuwa ameupoteza.

— Saa, ilisema tena. Kisha tena: Saa.

Kanda ya akiba haichagui. Ilikuwa imeweka kila kitu, pamoja na yale ambayo watu wa simu hawakuyataka. Mara ya nne neno lilianza vizuri, likateleza, likamalizikia kwenye kicheko kilichozuiwa na mkono.

— Samahani, alisema msichana, akitweta kidogo. Hiyo imekuwa na furaha mno. Nirudie?

Ukarudi mvumo. Yule aliyeulizwa siku ile lazima alikuwa nyuma ya kioo, akajibu kwa ishara, maana katika kanda hapakuwa na jibu. Breki, kwa mara ya kwanza, alikuwa na breki. Shangazi alikuwa ameweka kidole juu ya kitufe cha birika, na sasa aliruhusiwa, lakini hakubonyeza. Bado aliinua macho akamtazama dada yake kupitia dirisha, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuulizwa.

Dada alikuwa ameelekeza uso kwenye spika, kama unavyomsikiliza mtoto wa watu anayeuliza kwa adabu. Mkono wake ulikuwa kooni.

Akaitikia kwa kichwa, mara moja.

— Saa, ilisema sauti.