Kaburi Lisitoe Ushahidi: Maisha ya Mzee Aristides Bitegeko

Mchungaji, wazee wa usharika, viongozi wa kijiji, ndugu zetu wa Kibingo na wa Songambele, na ninyi wenyeji wetu wa Ihanda, wakubwa wote shikamooni. Mimi ni Placidia, mtoto wa pili wa marehemu, familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu, na nikishindwa njiani, mdogo wangu Vero amesimama hapa nyuma, ataendelea.

Mzee Aristides Bitegeko alizaliwa tarehe 12 Machi 1951 huko Kibingo, wakati ule Kyerwa haijawa wilaya na sote tukiitwa watu wa Karagwe, akabatizwa mwaka huohuo, na alichelewa kuanza shule kwa kuwa babu alimpa ng'ombe wa kuchunga, hivyo akaingia darasa la kwanza Januari 1962 akiwa mrefu kuliko wenzake wote, akamaliza darasa la saba mwaka 1968. Alipenda kutuambia kwamba alikuwa wa kwanza darasani, ila shangazi zetu, waliosoma naye, kila walipomsikia walicheka.

Baada ya shule alilima kahawa na migomba, akawa karani wa chama cha msingi cha wakulima kuanzia mwaka 1974, na tarehe 6 Desemba 1975 alifunga ndoa na mama yetu, Sperancia, wakajaliwa watoto wanne, yaani Projest, mimi, Vero na Winston.

Mwaka 1992 aliteuliwa kuwa mzee mshauri katika Mahakama ya Mwanzo, kazi ambayo wengi wenu mnaiita mzee wa baraza, akaifanya hadi alipostaafu mwaka 2016. Kwa vijana ambao hawakuyaona hayo, huko hakimu hakuketi peke yake, aliketi na wazee wawili wanaojua mila na watu wa mahali, wakasikiliza pamoja, wakajadiliana faraghani, wakatia saini, na sauti ya mzee wa jembe ilihesabika kama ya hakimu. Kwa sababu hiyo nyumba yetu haikukosa wageni wenye mashauri yao, naye aliwaelekeza kila mmoja mlango wake, kwamba asiyeridhika Mahakama ya Mwanzo akate rufaa Mahakama ya Wilaya, kutoka hapo ni Mahakama Kuu, na juu ya zote iko Mahakama ya Rufani, lakini ugomvi wa ardhi una njia yake, unaanzia kwenye usuluhishi wa baraza la kata, unakwenda baraza la ardhi na nyumba, ndipo unapanda Mahakama Kuu. Mama alikuwa akilalamika kwamba chai yake yote inakwisha kwa sababu ya rufaa za watu.

Mwaka 2006 baba aliwaachia wadogo zake shamba la migomba la Kibingo, akanunua kibanja kingine Songambele kwa hayati Mzee Ainebyona, ndugu wa muuzaji waliokuwepo wakaja, wakaonyesha mipaka, wakanywa rubisi, pombe ya ndizi, kama ilivyo desturi, na hapo mama akapanda migomba kwa mikono yake, akaipenda ardhi ile kuliko yoyote aliyowahi kulima. Tarehe 20 Oktoba 2014 mama alifariki, tukamzika katikati ya migomba hiyo, na baba akatuonyesha mahali pake yeye, upande wa kulia wa mama, akasema hataki kusikia mjadala.

Mwaka 2016 Mzee Cleophace, mdogo wake Ainebyona, alirudi kutoka Geita alikokuwa akifanya kazi miaka mingi, akafungua shauri akidai kwamba kibanja cha ukoo hakikupaswa kuuzwa bila yeye kuulizwa, na usuluhishi ukashindikana, kwa kuwa kila mmoja wao alisema kweli yake. Julai 2018 baraza la ardhi lilimpa baba ushindi, tukachinja mbuzi, tukadhani yamekwisha, lakini Mzee Cleophace alikata rufaa, na mwaka 2021 Mahakama Kuu iliyoketi Bukoba ilifuta mwenendo wote, kwa sababu maoni ya wazee wa baraza lile hayakusomwa mbele ya pande zote mbili kabla ya hukumu, ikaamuru shauri lisikilizwe upya mbele ya mwenyekiti mwingine na wazee wengine.

Wahenga walisema mganga hajigangi, na hapa walimsema baba yetu, kwani siku ile kwenye baraza la ardhi alikuwepo, akaona wazee wakimkabidhi mwenyekiti karatasi zao kimya, wala hakushtuka, alizoea taratibu zake za Mahakama ya Mwanzo, ambako wazee humaliza mambo yao na hakimu faragha. Sisi watoto tuliwaka hasira, tukasema tumeshinda halafu tumenyang'anywa, ila yeye ndani ya basi la kurudi kutoka Bukoba alisema Mahakama Kuu imesema sawa, mtu ana haki ya kusikia mzee amesema nini juu yake, hata Cleophace anayo.

Tangu hapo kibanja kiliwekewa zuio, kila kitu kibaki kilivyo hadi shauri liishe, asijenge mtu, asing'oe, asichimbe, na baba aliendelea kuishi mle, kila jioni akikaa karibu na mama. Mwaka 2023 moyo ulianza kumsumbua, ikabidi tumlete hapa Ihanda kwa kaka Projest, akatibiwa vizuri, akala vizuri, lakini hakutulia hata siku moja. Kila bodaboda aliyesikia ametoka upande wa Songambele alimsimamisha, akamwuliza kama migomba ya mama imepaliwa, kama mvua imefika kule, na vijana wale, Mungu awabariki, walimjibu hata kama hawakupita huko. Nilimsikia akimwita mama kwa jina mchana kweupe, akiwa macho, na niseme wazi kwamba iliniuma.

Mwezi Aprili mwaka huu wa 2025, hali ilipozidi, Mzee Cleophace alikuja kumjulia hali, akaketi kitandani kwake, akamwambia mbele yetu kwamba Mungu akimwita, tumzike Songambele karibu na mkewe, yeye hatapinga. Sisi tulilia kwa furaha, baba akamshika mkono, akamshukuru sana, kisha akakataa. Alisema zuio ni la baraza, halikuwekwa na Cleophace wala haliondolewi na Cleophace kwa mdomo, na akasema kwetu sisi kaburi ni alama ya mwenye kibanja, siku ya kesi mtu atanyoosha kidole kwenye kaburi lake kuonyesha ardhi ni ya nani, naye hataki kaburi lake litoe ushahidi wakati mwenyewe hawezi kuulizwa maswali. Tulimwomba abadili nia, naye akasema tumzike hapahapa Ihanda.

Alifariki Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na minne, ameacha watoto wanne na wajukuu kumi na watano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, usharika kwa maombi, majirani wa Ihanda waliompokea kama mzaliwa wa hapa, mahakimu, makarani na wazee washauri waliofanya kazi naye, na Mzee Cleophace, ambaye yuko kati yetu, na ambaye wanawe ndio waliochimba kaburi hili tangu asubuhi. Shauri litatajwa tarehe 15 Julai, tutakwenda kwanza Mahakama ya Mwanzo kumwombea Projest usimamizi wa mirathi, ili asimame mahali pa baba, halafu baraza la ardhi litaamua, na kila atakayeamua tutamsikiliza, kwa sababu ndivyo baba alivyotulea.

Tata, baba yangu, migomba ya Mama imepaliwa, nilikwenda mwenyewe juzi. Lala salama hapa Ihanda, upumzike kwa amani, na utusamehe sisi tuliobaki, tunaotamani ungekubali.