Mikono Mnayoilaumu

Kataeni kama mnaweza, lakini mikono hii mnayoiona imelala juu ya shuka ilimnyoosha dereva wa lori aliyeletwa kwangu amejikunja kama jongoo, akatoka kwa miguu yake mwenyewe huku akinifokea kwamba nimemchelewesha kazini. Sogeeni, wanangu. Anayetaka kunicheka anicheke sasa, maana pumzi zenyewe ni za kuhesabu.

Niliacha shule darasa la nne, na madaktari wenye miwani wakaniletea migongo yao. Wajinga wanadhani kazi hii ya kukanda ni nguvu. Unaweka kiganja, unanyamaza, unasubiri nyama ilegee yenyewe. Ikikaza, unaacha.

Wewe, kitinda mimba, toka huko nyuma ya mlango, si mwizi wewe. Tangu siku ile uliponikanda, mgongo ukalia ko! na miguu yangu ikafa, hujamgusa mgonjwa tena. Wanakaa barazani wanakusubiri, unawafukuza. Dada yako anakuita muuaji wa baba mbele ya wageni, na kaka yako keshamleta mtu kupima kitanda cha kazi akinunue, mimi ningali hai nakodoa macho! Binti yangu, ulimi wako ungekuwa mikono, ungekanda mtaa mzima. Nyamaza kwanza.

Sikilizeni. Nyumba ni yenu watatu, asiiuze mtu. Chumba cha mbele, kitanda na wagonjwa wote ni vya huyu mliyemtenga. Kesho asubuhi afungue mlango, hata kama mimi nitakuwa sijazikwa. Msimnunie. Mungu awape mikono yenye subira, awalinde na... nipeni maji. Basi. Yatosha.

Mnatikisa vichwa. Mnasema mlisikia mfupa ukilia. Mlisikia, ndiyo.

Kuna kipande nimekiruka. Miezi mitatu kabla ya siku ile nilipigwa picha ya mgongo hospitali. Daktari akanionyesha pingili zimeliwa na ugonjwa, akanikataza kuguswa mgongo. Nikaona aibu, mimi, bingwa wa migongo. Picha iko chini ya godoro hili, itoeni. Na huyu mtoto aliniuliza kabla hajabonyeza. Baba, mbona umekonda? Maumivu yanakuamsha usiku? Nikamwambia hapana. Akaweka kiganja, akasema... akasema hapa pamekaza, baba, twende hospitali. Akaondoa mikono.

Nikamwita mwoga. Nilimwita mwoga, wanangu... mpaka akabonyeza.