Papa Osée na Sauti Zisizoomba Ruhusa

Baada ya karibu miaka ishirini na nane ya kazi, Papa Osée Mwilambwe, fundi sauti wa parokia yetu na redio yake hapa Lubumbashi, anastaafu tarehe 28 Juni 2019. Alianza Oktoba 1991, wiki ile ile mji ulipoporwa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuficha mikrofoni mbili ndani ya gunia la makaa.

Kompyuta ilipofika, sote tulitaka MP3. Papa Osée akakataa katakata. Njia ile ya kubana sauti ilikuwa na wenyewe: aliyetengeneza programu ya kuitumia alidaiwa malipo ya hataza, yaani haki ya mvumbuzi, na watu wa programu huria, wanaogawa kazi yao bure, wangeyatoa wapi? Yeye akachagua programu huria na faili za Ogg, zisizodaiwa na mtu. Sokoni hazikufunguka kwenye chombo hata kimoja! Tulimcheka, tukamwita Papa Ogg. Alijibu tu: "Sauti ya muntu hailombake ruhusa."

Mimi Angélique, msomaji wa matangazo, ndiye niliyecheka kuliko wote. Nilikuwa na programu yangu ya dukani, ya kujaribu siku thelathini. Kanda zilikuwa adimu, kwa hiyo tulinakili kwenye kompyuta kisha tukafuta kanda itumike tena. Wakimbizi walipofurika kutoka Mitwaba mwaka 2006, nilinakili sauti zao zote kwa programu hiyo. Siku ya thelathini na moja programu ikagoma: lipa leseni kwanza, na faili zake hazikufunguka kwingine. Kesho yake akaja Jemima, binti aliyepotezana na mama yake njiani. Mama huyo, Mama Régine, alikuwa amerekodi kwetu tangazo la mahali anakokwenda, tukalirusha, lakini binti hakulisikia, na kanda nilishaifuta. Jamani, nililia kwa aibu!

Papa Osée hakunigombeza. Kumbe kila kanda alikuwa ameinakili kwa Ogg kabla yangu, kimyakimya. Akafungua. Jemima akamsikia mama yake akitaja nyumba ya shangazi, kule mpakani Kasumbalesa. Jumapili wakakumbatiana.

Hataza zile zilipokwisha mwaka 2017, tulimtania kwamba sasa ahamie MP3. Akacheka mpaka miwani ikadondoka, akatutengenezea nakala za MP3 za simu, na zile za Ogg akaziacha palepale.

Kwa sherehe hii tulitafuta sauti yake mwenyewe. Miaka yote hiyo karekodi wengine tu! Tulipata sekunde chache, pale Mama Régine anapokwama kwa machozi: "Sema polepole, mama. Hatuko na haraka."

Asante sana, Papa Osée. Nenda nyumbani Karavia kwa mke wako, Mama Victorine, na kuku wenu. Uwe na siku njema nyingi, na uziishi polepole, papa. Hauko na haraka.