Maili Kumi na Moja za Delmar Kucera

Marehemu Delmar Joseph Kucera alizaliwa tarehe 9 Machi 1938 katika shamba la wazazi wake, kusini kidogo mwa Sedlo, Nebraska, kando kabisa ya Barabara ya Jimbo Namba 149. Wakati huo ilikuwa ya changarawe, na babake ndiye aliyeisawazisha kwa farasi wawili.

Alisoma Sedlo hadi mwaka 1956, mwaka ambao lami ilifika. Hesabu aliziweza sana. Kuimba hakuweza, na kwaya ya kanisa hili ni shahidi.

Mwaka 1958 aliajiriwa kuitunza 149, akaziba mashimo yake na kuondoa theluji yake kwa miaka arobaini. Barabara yenyewe mnaijua: inaanzia kwenye maghala ya nafaka ya mji wa Pruitt, inapanda kaskazini, inapiga kona mbili kulikwepa shamba la Kovarik kwa kuwa mzee Kovarik alikataa katakata miti yake kuguswa, inavuka mto na kuishia hapa. Sisi husalimiana kwa kuinua vidole viwili juu ya usukani. Marehemu aliwasalimu hata wageni, nao wakapunguza mwendo wakidhani kuna ajali mbele.

Tarehe 10 Juni 1961 alifunga ndoa na Ardith Novotny, wakajaliwa watoto watatu. Mimi Janelle ni wa kati, ndiyo maana nimesukumiwa kazi hii ya kusoma.

Mwaka 1987 wakubwa wa barabara waliamua kwamba magari yasipofika mia mbili kwa siku, maili kumi na moja za mwisho zirudi changarawe, na theluji yake isiondolewe tena. Wakalaza mpira wa kuhesabia magari kukatiza barabara. Basi Sedlo nzima, watu mia moja na arobaini, ikawa inapita juu yake kwenda na kurudi. Mama alifuata mkate Pruitt mara tatu kwa siku moja. Hesabu ya wiki moja ikatoka magari elfu moja mia tisa, na marehemu akatakiwa kuitia sahihi.

Alikataa. Mpira ulipotolewa na watu wakatulia, aliketi kando ya barabara kutwa nzima, akahesabu mwenyewe: mia moja sitini na tatu.

“Si ungenyamaza tu, Delmar?” mama alimwambia. “Nani amekuuliza?”

“Wao wameniuliza, Ardith. Kwa maandishi.”

Mwezi mzima hakuna aliyemwinulia kidole. Kumbe alipoipeleka hesabu yake kwa wakubwa alikuwa ameambatanisha kurasa nne, kila gari na safari yake: basi la shule, lori la maziwa, Bi Hedlund akienda kusafishwa figo. Wakubwa walisoma, wakaiacha lami. Majirani wakaja kuomba radhi kwa vitumbua vya plamu, tukavila hadi tukavikinai.

Tarehe 11 Februari 2019 alipatwa na kiharusi jikoni, theluji ikiwa futi mbili. Lakini 149 ilikuwa imeshasafishwa, na gari la wagonjwa lilifika kwa dakika thelathini na tano. Kwenye changarawe angefia pale pale sakafuni. Tulipewa siku tisa naye. Kaka yangu Wayne aliwahi kufika kutoka Oregon. Na mama alimshika mkono, akamwambia neno alilolibana miaka thelathini na miwili: “Ulihesabu sawasawa, Delmar.”

Alifariki tarehe 20 Februari. Ameacha mjane, Ardith. Watoto, Wayne, Janelle na Marcia. Na wajukuu saba.

Pumzika, baba. Theluji ya leo wameiondoa wengine.