Dulari ya Kufulia

Jumamosi ile benchi la nje ya duka la Muttu, pale mjini Labasa, lilijaa kabla ya saa sita. Bakuli la yangona, kile kinywaji cha mizizi, lilikuwa katikati, na kifuu kilikuwa kinazunguka: unapiga kofi moja, unakunywa, wenzako wanakupigia matatu. Jaji alikuwepo, yaani Sakiusa, aliyeitwa mahakamani mara moja tu maishani, shahidi wa ng'ombe aliyeibwa, na tangu siku hiyo hajashuka kizimbani. Rediyo alikuwepo pia, yaani Munsami, ambaye hazimiki. Na Hardayal, mzee wa sabuni, alikaa ameshika barua ya wakili, kifuu chake hajakigusa. Miaka arobaini alipika sabuni ya nazi akaiita Dulari, jina la mkewe. Sasa mji mzima kila sabuni ni dulari, hata hizi zinazoshuka melini. Mkewe alifariki mwaka jana, na barua ilisema kesi aliyowafungulia wenye sabuni za melini imekwisha: jina ni la watu wote, yeyote aliandike kwenye sabuni yake.

— Kunywa, binamu, alisema Jaji. Tunakata rufaa.

— Rufaa ya nini? Wamemaliza.

— Tunashtaki wateja! Kila mwanamke aliyeingia dukani akasema "nipe dulari" akapewa ya wageni, huyo mwizi wa jina. Mmoja mmoja, kizimbani.

— Utaanza na mkeo? aliuliza Rediyo.

— Mke wangu ni shahidi.

— Toka hapa! Mzee, kosa ni lako. Samaki mkunje angali mbichi.

— Tunaongea sabuni, wewe unaleta samaki!

— Namaanisha angewazuia zamani. Mimi ningepaka jina lile pilipili. Anayelitamka ulimi unawaka, anaacha mwenyewe.

— Wee Rediyo, umekunywa ngapi?

— Sita. Na nawaambia, hii ni kazi ya watu wa melini. Walituma mtu aje atufundishe kulisema vibaya, polepole, miaka ishirini. Haba na haba hujaza kibaba.

Wenzake wangecheka siku nyingine. Hardayal aliikunja barua, akaikunjua, akaikunja tena.

— Hakuna aliyetumwa, alisema. Ni mimi. Siku ya kesi wakili wao aliniuliza swali moja tu: mzee, asubuhi unanawa kwa kitu gani? Nikamjibu bila kufikiri: kwa dulari yoyote iliyopo. Yoyote! Chumba kizima kiliandika.

Jaji aliinama akachota yangona. Hakuna aliyepiga kofi.

— Ah, mzee, alisema Rediyo taratibu. Ulimi hauna mfupa.

— Hiyo leo umepatia, alisema Jaji.

Litia alikuwa amesimama mlangoni na mkate wake kwapani. Alikuwa muuguzi mgeni, kahamia juu ya duka wiki ile, na alikuwa amesikia yote.

— Samahani, baba, alisema. Huyo mama mwenyewe, nyumbani ulikuwa ukimwitaje?

Jaji alimtazama Rediyo. Rediyo akakiweka kifuu chini.

Hardayal alifungua mdomo. Nyumba za wazee wake, mume hamtaji mke kwa jina, wala mke hamtaji mume. Ni aibu, na tena unampunguzia mwenzio umri. Miaka arobaini na tatu alimwita "wee, unasikia?" na mke akaja na chai. Jina asiloweza kulitamka nyumbani ndilo aliloliandika kwenye sabuni, alisome kila siku. Na alipoanza kulitamka, lilikuwa limeshakuwa sabuni.

— Sikumwita, binti yangu.

— Hata mara moja?

— Hata alipokuwa anakata roho. Nilimshika mkono nikasema, wee, unasikia? Hakuitika.

Litia aliuweka mkate benchini akakaa karibu naye. Rediyo aliinamisha bakuli. Lilibaki tope tu la mizizi.

— Liseme sasa, mzee, alisema Jaji, na sauti yake haikuwa ya mahakamani. Hayupo wa kumpunguzia umri.

Hardayal aliona haya, mzee mzima. Aliangalia chini. Halafu akainua uso, akaita kwa sauti, kama mtu anayemwita mwenzie aliye chumba cha pili:

— Dulari!

Muttu akajibu kutoka ndani ya duka, mkono tayari uko rafuni:

— Ya kuogea au ya kufulia?