Kodi Iliyorudi na Bati la Bi Yuliana

Mgeni rasmi, Meneja wa Kanda wa benki yetu, viongozi wa kijiji, wajomba wenye ardhi hii, na nyote mliopanda mlima leo: shikamooni kwa wakubwa, na wengine hamjambo.

KARIBU KINOLE

Tunajua njia imekuchosha, na gari lako tumesikia limesukumwa pale kwenye kona ya mtoni. Usijali. Lori lililoleta mabati yetu lilisukumwa palepale, na waliolisukuma ndio hawa waliokupokea kwa vigelegele. Chai uliyopewa ina mdalasini wetu. Kunywa kwa amani, huo haukatwi kodi.

TULIKOTOKA

Sisi ni wanawake wakulima wa pilipili manga, karafuu na mdalasini. Miaka yote tulianika mazao kwenye maturubai kando ya barabara. Wingu likitokea kila mtu anakimbilia lake, na mara nyingi mvua ilituwahi. Pilipili ikilowa inaota ukungu, na mnunuzi anakupangia bei huku anajifanya anakuonea huruma.

Tukaamua kujenga banda la kuanikia. Huku kwetu ukoo hufuata mama, na ardhi ni ya ukoo. Eneo hili ni la ukoo wa mwenyekiti wetu, Bi Mwaisha. Wajomba zake walitupa kwa sharti moja: masika yakikuta banda halina paa, eneo lirudi kuwa shamba la migomba.

Wakati huo benki yako ilitangaza zawadi kwa vikundi vitakavyoweka akiba mwaka mzima bila kutoa. Watoto waliugua, harusi zilipita, ada zilidaiwa, hatukutoa. Zawadi ikaja, nayo ilitosha mabati yote.

KODI ILIYOKATWA MARA MBILI

Ilipoingia kwenye akaunti ya kikundi ilikatwa kodi ya zuio. Hatukulalamika, maana hiyo tulishaipigia hesabu. Tatizo lilianza tulipofuata utaratibu wetu. Hapa kwetu nyumba ya wote haiezekwi na mfuko mmoja. Kila familia inaleta bati lake, ili kesho asitokee mtu wa kusema banda ni la fulani. Tukaiomba benki igawe zawadi, kila mwanachama apate fungu lake kwenye akaunti yake. Mitambo yenu ikaona kila fungu ni zawadi mpya, ikakata kodi tena. Kila mmoja alifika dukani na hela isiyotimiza bati, na muuzaji hakati bati vipande.

Tukashuka mjini, kikundi kizima. Mlinzi wa benki akatuzuia mlangoni: "Mama zangu, aingie mwakilishi mmoja."

Mtunza hazina wetu, Bi Mosi, akamjibu, "Mwanangu, wakati wa kukata mlimkata mwakilishi?"

Tukaingia wote. Bosi mmoja alisema kosa ni letu, nani alituambia tugawe. Tukamweleza kwamba sufuria moja ya wali ikipakuliwa kwenye sahani haigeuki sufuria nyingi. Aliyetuelewa ni ndugu Rogers wa dirishani. Alituonyesha jinsi ya kuomba hati za kodi iliyokatwa, ya kikundi na za kila mmoja wetu, akahakikisha benki inarekebisha taarifa zake, kisha tukapeleka madai kwa watu wa kodi. Tulikwenda, tukaambiwa mtandao hauko sawa, tukarudi, tukakwenda tena. Majirani walitucheka, wakasema hela ya kodi ikishaondoka ndiyo imeondoka.

Mgeni rasmi, ile kodi ya pili imerudi yote. Siku ujumbe ulipoingia kwenye simu tulikuwa mashambani, na vigelegele vilianzia bondeni vikapanda mpaka huku juu. Bi Mosi alikaa chini akalia. Kisha akafuta machozi akasema, "Haya, twendeni tukanunue bati kabla hawajabadili mawazo."

TULIPOFIKA

Lori lilipoishia, mabati yalipanda mlima yakiwa vichwani mwetu. Wajomba wamekagua paa na kutamka mbele ya kijiji kwamba ardhi hii haitaulizwa tena. Msimu huu pilipili yetu imekauka vizuri, na wanunuzi ndio wanaotubembeleza. Tuna furaha, na leo hatuoni sababu ya kuificha.

LILILOBAKI

Mwenzetu Bi Yuliana aliweka akiba pamoja nasi na akapanga foleni pamoja nasi. Alifariki kabla kodi haijarudi. Hela yake imefika kwenye akaunti yake, na huko imekaa. Binti yake, Pendo, ameambiwa alete barua ya usimamizi wa mirathi. Ameizungukia mahakamani na benki mpaka nauli imepita bei ya bati. Tulitaka kumchangia akakataa: "Bati la mama litanunuliwa na hela ya mama." Kwa utaratibu wetu, yuko sahihi. Lakini kwa utaratibu huohuo, asiye na bati hana pa kuanika. Pilipili yake iko nje kwenye turubai, umeipita ukiingia.

MAOMBI

Tunaomba mitambo yenu itambue zawadi iliyokwishakatwa kodi, vikundi vingine visihangaike kama sisi. La pili ni la Pendo. Hatukuombi uvunje sheria. Tunaomba mtu mmoja ofisini kwako alishike jambo lake mpaka mwisho, kama Rogers alivyoshika letu.

Asubuhi tulishauriwa tuzibe nafasi ya Bi Yuliana kwa turubai, mgeni asione paa lina tundu. Tumekataa. Mgeni rasmi, hilo jua linalokuchoma utosini tangu umeketi linapita hapo. Kiti chako tulikiweka chini yake makusudi, na tunaomba radhi kwa joto.

Mungu ampumzishe Bi Yuliana, akufikishe nyumbani salama, na aishike mvua mpaka bati lake lipande.

Ni sisi,
Wanachama wa Kikundi cha Tushikane,
Kinole, Morogoro