Historia ya Polepole, Aliyesubiri Bomba Lipoe

Ndugu waombolezaji, familia inaomba mtuvumilie sauti ikikatika, maana Jumatano jioni dada yetu alikuwa anatutania kwenye simu, na leo tunamwita marehemu, neno ambalo bado linakataa kutoka mdomoni.

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Polepole, alizaliwa tarehe 14 Mei 1968, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yetu, fundi wa kuchomelea, akiwa kifungua mimba wa watoto watatu, akasoma shule ya msingi ya mtaani kwetu kuanzia 1975 hadi 1981, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1992 akahitimu uhandisi wa metali chuo kikuu.

Tarehe 1 Februari 1993 aliajiriwa katika maabara ya kinu cha nyuklia cha kuzalisha umeme, kupima mirija inayobeba fueli, iliyotengenezwa kwa aloi ya zirkoni, yaani mchanganyiko wa metali, na mwaka huohuo alivuta kwa mashine ya kupima uimara kipande cha bomba kama hilo kikiwa bado cha moto, kikanyumbuka vizuri, akakipitisha, akapongezwa, na kesho yake kipande hichohicho, kikiwa baridi, kikamponyoka na kuvunjika sakafuni mbele ya mkuu wake. Hapo alijifunza jambo alilotusimulia hata tukiwa tunakula, kwamba hidrojeni kutoka kwenye maji hujipenyeza ndani ya bomba, likiwa la moto haina neno, likipoa huganda kuwa vijipande vyembamba viitwavyo haidridi, na likipoa huku limebanwa na shinikizo, vijipande hivyo husimama kukatiza unene wa ukuta wake, na bomba linalong'aa kwa nje huvunjika kama biskuti. Tangu siku hiyo hakupitisha kitu ambacho hakijapoa, na wenzake wakambandika hilo jina.

Tarehe 6 Septemba 1997 alifunga ndoa na shemeji yetu, mwalimu wa hesabu, ambaye hudai kuwa naye aliwekwa pembeni apoe kwanza ndipo akubaliwe, na wakajaliwa binti mwaka 1999 na mwana mwaka 2003.

Mwezi uliopita, kinu kikiwa kimezimwa kwa matengenezo, mirija ilipimwa ikiwa ya moto na kufaulu, lakini yeye akakataa katakata kuirudisha kazini mpaka kipande kingine cha mirija hiyo kipozwe taratibu chini ya shinikizo na kuvutwa kikiwa baridi. Umeme ukawa wa mgao, majirani wakamtania dukani awaachie taa, naye akacheka nao, lakini nyumbani alikuwa roho juu, akimuuliza mumewe itakuwaje kama amewaweka watu wote gizani bure.

Kuhusu kuugua kwake hatuna la kueleza, kwa sababu hakuugua. Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 9 Oktoba 2025, alikaa ukingoni mwa kitanda kuvaa viatu aende kazini, akavaa kimoja, akamwita mumewe, na mumewe alipofika alimkuta ameshalala upande, na hospitalini wakatuambia moyo ulisimama ghafla, tukabaki tunatazamana kama watu waliosikia habari za nyumba nyingine.

Shemeji akiwa bado kwenye korido ya hospitali, simu ya marehemu ililia mkononi mwake, akaipokea, na mkuu wa maabara, bila hata salamu, akaanza kueleza kwamba kipande kimevutwa kidogo tu kikapasuka, mirija yote inatolewa, apewe simu Polepole mwenyewe asikie. Shemeji alijibu kwamba atamwambia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, wafanyakazi wenzake waliokesha nasi, na majirani waliokuja wengi hivi, wakiwa na mishumaa yao.

Shemeji ametuomba tumsemee, kwa kuwa yeye ameshindwa. Dada, kipande kilipasuka. Ulikuwa sahihi, hukuwaweka watu gizani bure. Sasa pumzika, na iwe kwa amani.